Kutoka kaseti hadi memori kadi: nani alinasa ngoma za Haneti?



Mwezi Machi mwaka jana nilikwenda Haneti kumaliza msiba wa shangazi yangu. Haneti ni kule kaskazini mwa mji wa Dodoma, katika wilaya ya Chamwino, nchi ya uwele na mtama, yenye vilima ambako wachimbaji wadogo wanatafuta yale mawe ya kijani. Shangazi hakuwa mtu wa cheo. Alikuwa mpiga muheme, ngoma ile ya akina mama wa Kigogo inayobanwa katikati ya mapaja, na wengi katika vijiji vya jirani waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake. Vitu vyake vilipokwisha kugawiwa, mzee mmoja akasema ingefaa tumsikie kidogo kabla hatujatawanyika. Nani anayo sauti yake?

Vikatolewa vitu vitatu. Binamu yangu mkubwa alileta kaseti. Mdogo wake akaleta kile kidude cha MP3 cha Kichina, ukubwa wa kiberiti, ambacho siku hizi hata watoto hawakijui. Mjukuu wa marehemu akatoa simu ya vitufe yenye memori kadi. Kila mmoja akadai chake ndicho bora, na ubishi ukawa mkubwa kuliko inavyofaa nyumba ya msiba. Mwishowe mzee akanigeukia mimi: "Baba, wewe ndiye mwenye kazi ya sauti. Tuambie, kipi tukitunze?"

Nikasikiliza harakaharaka. Kaseti iliwekwa katika redio kuukuu ambayo mkanda wake wa mpira umelegea, ikawa inaimba kama mlevi. Kidude cha MP3 hakikuwaka kabisa. Simu ikalia papo hapo, kwa sauti kubwa, watoto wakaanza kucheza. Basi nikatoa hukumu: tunzeni ya simu. Nikaongeza na maneno ambayo hakuna aliyeniuliza, kwamba zama za kaseti zimekwisha.

Hukumu ile niliitoa bila ushahidi. Leo nataka kuisikiliza kesi upya, na ili tuisikilize vizuri hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Ngoma za Ugogo zilianza kunaswa zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alizunguka Tanganyika na vyombo vyake akirekodi ngoma na ala za makabila mengi, Wagogo wakiwamo. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliandika ala, kabila na mahali. Kazi yake imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Baada ya uhuru Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilituma watu wake mikoani kunasa ngoma. Lakini mitambo hiyo yote ilikuwa na tabia moja: ilikuja, ikanasa, ikaondoka na sauti. Aliyeimba alibaki na kumbukumbu tu, na labda akajisikia redioni siku moja kama bahati ilimwangukia. Santuri nazo hatukuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Bendi zetu zilitegemea Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikawa ya taabu.

Kilichobadili mambo ni kaseti. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikuwa imeitoa tangu mwaka 1963, lakini kwetu vijijini ilienea hasa baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Redio kaseti ikawa kitu cha kwanza ambacho kijana aliyekwenda mjini alipaswa kurudi nacho. Ilikula betri kubwa sita au nane, na zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu ya kumalizia wimbo mmoja zaidi. Utepe ukilegea ulirudishwa kwa kalamu.

Ninachotaka msikilizaji akikumbuke katika redio ile ni kitufe kimoja, mara nyingi chenye alama nyekundu, kilichokuwa pembeni. Ulikibonyeza pamoja na kile cha kuchezea, redio ikaacha kusema ikaanza kusikia. Kwa mara ya kwanza mtu wa Haneti angeweza kunasa ngoma ya Haneti, ikabaki Haneti. Kaseti tupu zilikuwa ghali, kwa hiyo watu walichukua kaseti za kwaya, ambazo katika nchi yetu ya Dodoma hazikukosekana kila nyumba, wakaziba kwa karatasi iliyotafunwa vile vitundu viwili vya mgongoni vinavyozuia kurekodi juu yake, wakaunasa muheme juu ya kwaya. Mchungaji hakupaswa kujua.

Kaseti ya shangazi ilinaswa hivyo hivyo, harusini, mwezi Agosti 1993. Najua kwa kuwa nilikuwapo. Redio iliwekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, nami, mtoto mdogo, nilipewa kazi ya kubonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja. Wengine huniuliza niliingiaje katika kazi hii. Naona niliingia siku ile.

Sasa tuje kwenye redio za mfukoni zenyewe, maana hapa pana kisa ambacho hata sisi wa kazi hii hatukisimulii sana. Kampuni ya Sony ya Japani ilikuwa ikitengeneza kinasa sauti kidogo kwa ajili ya waandishi wa habari, kikiitwa Pressman. Mmoja wa waasisi wa kampuni, Masaru Ibuka, alitaka kitu chepesi cha kusikilizia muziki awapo safarini katika ndege. Mafundi wakakichukua kile kinasa cha waandishi, wakaondoa sehemu ya kurekodi, wakaweka mahali pake mitambo ya kutoa sauti mbili, kushoto na kulia. Tarehe 1 Julai 1979 kikaingia sokoni kwa jina la Walkman. Kilikuwa hata na kipaza sauti kidogo, lakini cha watu wawili kusemezana tu wakati muziki unapiga, hakikuandika kitu. Kwa maneno mengine, chombo mashuhuri kuliko vyote vya muziki wa mfukoni kilipatikana kwa kukikata masikio chombo cha kazi yangu. Watu wengi waliona ni wazimu, mashine ya kaseti isiyorekodi. Ikauzwa dunia nzima.

Diski za CD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, na miaka miwili baadaye Sony ikatoa ya kubebeka. Kwetu ile ya kubebeka ilikuwa ya watoto wa mjini. Barabara za vumbi ziliirusharusha mpaka wimbo ukawa unaruka kama panzi. CD ilikuja kuingia vijijini baadaye sana, ndani ya deki, tena ikiwa imechomwa nyimbo mia na zaidi katika sahani moja. Nayo haikuwa na sikio.

Kulikuwa na kimoja chenye sikio zuri, MiniDisc, nacho ni cha Sony, cha mwaka 1992. Nilijifunzia nacho nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada. Sauti yake ilikuwa safi kabisa. Lakini kilikuwa na ugonjwa mmoja: orodha ya yaliyonaswa kiliiandika mwishoni, baada ya kusimamishwa. Betri ikikatika kabla ya hapo, mahojiano ya saa nzima yanakuwa kama hayakuwahi kusemwa. Yamenikuta, na mhojiwa hakukubali kurudia. Tukiache hicho, Haneti hakikufika.

Naam, MP3. Neno hili wengi wanalitamka bila kujua ni nini. Ni namna ya kubana sauti iliyotengenezwa hasa na wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, na jina hilo la mwisho wa faili lilichaguliwa mwaka 1995. Dakika moja ya muziki katika CD inachukua kama megabaiti kumi. Katika MP3 ya kawaida inachukua moja. Zile tisa zimekwenda wapi? Zimetupwa, lakini kwa akili. Wataalamu walichunguza namna sikio la mwanadamu linavyosikia: ngoma kubwa ikilia, sauti ndogo iliyo karibu nayo husikii hata kama ipo. Basi ile ndogo haiandikwi. Ni kama mtu anayefungasha mizigo ya safari, akaacha nyumbani vitu ambavyo ana hakika hutaviulizia.

Kichezeo cha kwanza cha MP3 cha mfukoni kuuzwa kilikuwa MPMan, cha kampuni ya Saehan ya Korea ya Kusini, mwaka 1998. Kilikuwa na megabaiti 32, yaani muziki wa nusu saa hivi, pungufu ya kaseti ya kawaida. Mwaka huohuo Marekani wakatoa Rio, chenye nafasi kama hiyo, na chama cha makampuni ya santuri cha huko kikakimbilia mahakamani. Sikilizeni vizuri hoja yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ilivibana vinasa sauti vya kidijitali: vilipaswa kuwa na kizuizi cha kunakili, na watengenezaji walipe ada. Juni 1999 mahakama ya rufani ikaamua kuwa Rio hakiko chini ya sheria hiyo, kwa kuwa machoni pa sheria si kinasa sauti. Kinapokea tu faili kutoka kwenye kompyuta. Kwa hiyo chombo kiliokoka kwa sababu hakikuwa na sikio. Sisemi kuwa hukumu ile ndiyo sababu pekee ya yaliyofuata, lakini fundi mwenye busara angejifunza kitu.

Tarehe 23 Oktoba 2001 Apple wakatoa iPod: gigabaiti tano, nyimbo elfu moja, dola 399. Nao walikuwa na sifa zao. Chombo kilikuwa kizuri, gurudumu lake lilikufikisha kwenye wimbo kwa kidole kimoja, na kiliendelea kuzaliwa upya hadi Mei 2022 kilipositishwa. Lakini iPod ile ya kwanza ilitaka kompyuta, tena ya Apple. Nyimbo zikishaingia, kumpa jirani yako ilikuwa kazi. Betri haikutolewa. Redio haikuwamo. Sikio halikuwamo. Mtu wa Haneti angeifanyia nini? Nilipata kushika ya rafiki aliyetoka masomoni Ulaya, nikaistaajabia kama mtu anavyostaajabia gari la mbio kwenye njia ya punda.

Kilichotufikia ni kingine. Katika miaka ya 2000 viwanda vya kusini mwa China vilianza kutoa vidude vya MP3 kwa mamilioni, vingi vikitumia kichipu cha kampuni ya Actions ya mjini Zhuhai. Havikuwa na jina, au vilikuwa na jina la kuazima. Vilisema vina gigabaiti nne, ndani vina moja; ukiendelea kujaza, nyimbo za mwanzo zinaharibika. Spika zake za masikioni zilikufa ndani ya mwezi. Hata hivyo vilikuwa na mambo mawili ambayo iPod ile haikuwa nayo: redio ya FM, na kitundu kidogo pembeni ambacho ndani yake mna kipaza sauti. Sikio limerudi. Binamu yangu alikinunua mnadani mwaka 2008, akakitia katika mfuko wa shati, akaenda nacho kwenye ngoma.

Tatizo ni lugha kilichoandikia. Kikirekodi, vingi vya aina hiyo viliandika faili za mtindo wao wenyewe zilizoishia na herufi ACT. Kukigeuza kuwa kitu ambacho mashine nyingine inakielewa, ulihitaji programu iliyokuja katika kisahani ndani ya boksi. Nani aliyekitunza kile kisahani? Huku kwetu kilining'inizwa ukutani kuwa kioo.

Halafu ikaja simu, ikavimeza vyote. Mwaka 2004 kampuni ya SanDisk ilitoa kadi ndogo kama ukucha, ile ambayo mwaka uliofuata ikaitwa microSD nasi tukaizoea kwa jina la memori kadi. Simu za vitufe, za Nokia na hasa za Tecno, Itel na zile za Kichina zisizo na baba, zikawa na tundu la kadi, redio, tochi, spika ya kusikika uwanja mzima, laini mbili na betri inayotoka. Kadi ilijazwa nyimbo kwa fundi mwenye kompyuta na sola, kwa bei ya soda au mbili. Blututhi ikafanya kazi iliyobaki: wimbo ulirushwa kutoka simu hadi simu chini ya mbuyu, bila mtandao, bila kompyuta. Wanamuziki wetu waliumia kwa hilo, tusifiche. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwapo, lakini haikuwahi kufika chini ya mbuyu. Na katikati ya Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia, za kwetu hazikutupwa. Hazikupiga tena wala kupigiwa, zikabaki redio na vichezeo vya muziki. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyotengeneza iPod zake kwa amri ya serikali.

Kwa hiyo kama swali ni chombo gani kilishinda, jibu ni jepesi, ni simu ya kadi. Ilishinda kwa sababu zisizoandikwa kwenye maboksi ya Ulaya. Kule walipimana kwa idadi ya nyimbo. Kwetu kipimo kilikuwa: inakaa siku ngapi bila umeme, kadi inatoka au haitoki, naweza kumpa mwenzangu, na je, inasikia?

Simu inasikia. Lakini inasikia nini? Hapa ndipo nilipokosea.

Miezi miwili baada ya msiba nilivikusanya vitu vile vitatu, au niseme kilichobaki cha kimoja, nitaeleza, nikavipeleka studio. Waliokuwa kwenye redio Jumapili walisikia sekunde arobaini za kila kimoja. Ninyi mnaosoma itabidi mniamini.

Faili la simu linaitwa REC003, na linaishia na herufi AMR. Huo ni mtindo uliokubaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Unaipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, wakati CD inaipima mara 44,100; kwa hiyo kila kinachotetemeka zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde hakiandikwi kabisa. Dakika moja haizidi kilobaiti 96, ndiyo maana kadi haijai. Si hivyo tu. MP3 angalau inakisikiliza kitu chochote na kuamua cha kuacha. AMR imeanza na dhana kwamba kinachosikika ni koo la mtu mmoja anayezungumza, ikajaribu kulichora koo hilo. Mpe mtu mmoja, anachora vizuri. Mpe muheme nne, kayamba, njuga na akina mama ishirini wanaoitikia, anatafuta koo moja ndani ya vurugu ile na halipati. Kinachotoka ni kama watu wanaoimba ndani ya pipa la maji. Msibani sikuliona hilo kwa kuwa spika ya simu ilikuwa na nguvu na wote tulikuwa tunaujua wimbo. Masikio yetu yalijazia yasiyokuwapo.

Chukueni mfano wa ilimba, ile marimba ya Kigogo ya vyuma juu ya boksi la mti, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka dunia nzima, hadi albamu yake ya Chibite ikatolewa Uingereza mwaka 1996. Katika boksi la ilimba hutobolewa matundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui. Chuma kikigongwa, utando unavuma, ukatoa ule mlio wa nyuki unaofuata kila noti. Mgeni anadhani ala imeharibika. Mgogo akiukosa mlio ule anasema ilimba haijaamka. Sehemu kubwa ya mlio huo iko juu, kule ambako AMR haiendi. Katika faili la simu ilimba ya mjomba inasikika kama vijiko. Yaani chombo kimehifadhi noti, kikautupa utando wa buibui.

Kile kidude cha MP3 fundi mmoja wa mjini Dodoma alikitia betri mpya, kikawaka. Faili mbili za ACT. Hakuna simu wala kompyuta iliyozifungua, mpaka kijana mmoja studio alipopata programu ya bure iliyozijua. Kwa ngoma hazifai. Nazo zinapima mara 8,000, tena shati linakwaruza mwanzo hadi mwisho. Lakini binamu alisahau kukizima. Ngoma imekwisha, watu wanakaa, na shangazi anazungumza. Anauliza nani anapika, anamcheka mtu ambaye mlenda wake umeungua, anadai maji. Dakika sita. Kwa kazi hiyo ya koo la mtu mmoja, chombo kile kinyonge kilitosha kabisa. Wanawe walipozisikia walilia kuliko walivyolia kaburini.

Na kaseti? Redio kaseti ya kawaida ya miaka ile ilikuwa na mvumo wa "shshsh" usiokwisha, na ikivuka mitetemo elfu kumi hivi ilianza kuchoka. Lakini elfu kumi si elfu nne. Tena kaseti haina akili. Haikubahatisha koo, haikuamua lipi tutaliulizia na lipi hatutaliulizia. Ilichosikia iliandika, na mvumo wake juu. Ukavu wa Dodoma nao uliisaidia, kwa maana kaseti za Dar es Salaam zimeliwa na ukungu, za Ugogo zimeliwa na vumbi tu, na vumbi linafutika. Nilipoipitisha katika mashine yenye mkanda mzima, utando wa buibui ulikuwamo. Baada ya miaka zaidi ya thelathini ilimba ya mjomba ilikuwa macho.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa historia watalijali zaidi kuliko mimi. Faili la simu linadai lilinaswa tarehe 1 Januari 2004, saa sita usiku. Ni uongo. Simu ile ilinunuliwa mwaka 2011. Saa yake ilirudi mwanzo kila betri ilipotolewa, na hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. Hakuna jina, hakuna mahali. Kuna REC001 na REC002 kutoka ngoma nyingine, na familia nzima haikubaliani ni za nani. Kaseti ina karatasi. Juu yake kwa kalamu ya wino wa buluu pameandikwa kijiji, mwezi, mwaka, jina la bwana harusi na jina la bibi harusi, na chini yake, kwa mwandiko mwingine, "usifute". Tracey mwenyewe asingeweza kuongeza mengi.

Lazima niitendee simu haki. Wimbo wa REC003 umerushwa kwa blututhi na sasa ninaujua uko katika simu zaidi ya ishirini, kutoka Haneti hadi Dar es Salaam. Kadi moja ikifa, na kadi hufa ghafla bila hata kukohoa, wimbo haufi. Kaseti ilikuwa moja.

Nimesema ilikuwa. Mwezi Mei niliporudi kuichukua, binamu mkubwa alinitazama kwa mshangao. Si wewe uliyesema zama zake zimekwisha? Uwele ulikuwa unaiva, na kwelea kwelea walikuwa wameshaingia. Wakulima wa kwetu wanajua kuwa utepe wa kaseti ukivutwa juu ya shamba kutoka mti hadi mti, upepo unaufanya uvume na kumetameta, na ndege wanaogopa. Alikuwa ameuvuta. Hakuwa na kosa lolote; mtu mwenye kazi ya sauti alikuwa ametoa hukumu mbele ya wazee.

Tulikwenda shambani tukaukuta, umekatika vipande, umekunjwakunjwa, mwingine umezikwa na udongo. Jua lilikuwa limekwisha kuukaanga. Ule haukurudi. Lakini shamba la binamu si kubwa, na utepe haukuvutwa wote. Katika gurudumu moja zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja za mwanzo wa upande A, pamoja na dakika kumi na moja za mwisho wa upande B, maana ni utepe uleule. Wimbo ambao shangazi aliuongoza peke yake ulikuwa katikati.

Upande A unaanza na mlio wa vitufe viwili, kisha mtoto anauliza kama tayari, kisha mtu mzima anamwambia anyamaze. Halafu ilimba, halafu muheme, na sauti yake nyuma ya wengine, ya tatu au ya nne kutoka kulia. Upande B ngoma haikufika mwisho wa utepe, kwa hiyo zile dakika kumi na moja zote ni kwaya iliyokuwapo kabla yetu, wakiimba wimbo wa Krismasi.